Wasomaji wa Mikia katika Nchi ya Unini

Njia niliyopita kufika Unini siisemi, maana hata nikiieleza hatua kwa hatua hakuna atakayeipita, na wapenda ubishi watapata la kubishia. Jueni tu kwamba nilifika, nikakaa miezi minne, nikarudi na akili zangu timamu. Mke wangu aliponiuliza Unini ni nini, akajisikia alivyosema, alicheka mpaka akakaa chini. Basi nami nawajibu nilivyomjibu yeye. Unini ni nchi ya rangi ya hudhurungi, iko upande wa kulia chini ya paa la mbavu, huingia mito miwili na kutoka mmoja. Anayetaka kuwa karibu nayo zaidi ya hapo na ajipapase ubavu.

Mimi ni Fundi Kiluwa wa Pongwe. Nimejenga kuta miaka thelathini na mmoja, na sisifu ukuta wa mtu hovyo hovyo. Nikipita mtaani jicho langu linatafuta nyufa lenyewe, siliagizi. Nayasema haya ili mjue kwamba nikisifu, nimesifu kweli, na nikikiri kosa langu huko mbele, silikiri kwa sababu sijui kazi.

Nyumba za Unini zimepangwa safu kwa safu, zote zimeupa mto uso. Na upande huo wa mto kila nyumba ina madirisha tisa, hayana mbao, hayana vyuma, hayana hata pazia. Maji yanaingia na kutoka yatakavyo. Siku ya kwanza niliposimama mbele ya kitu hicho nilitoa macho. "Nani kajenga upuuzi huu?" niliuliza kwa sauti, kumbe mwenye nyumba yuko nyuma yangu.

Alikuwa Bi Mashavu, mama mnene mwenye mikono miwili isiyotulia, ndiye aliyekuja kuwa mwenyeji wangu. Hakukasirika. Alinishika mkono, akaniingiza ndani, akanionyesha. Maji yaliingia dirishani na uchafu wa nchi nzima: sumu, sukari iliyozidi, mabaki ya chakula cha watu wa mto wa juu. Bi Mashavu alichambua, akachuja, sukari akaiweka stoo, sumu akaivunja vipande visivyodhuru, nyongo akaipitisha mfereji wa nyuma, na maji yakatoka safi. Alinihesabia kazi zinazofanyika katika nyumba ile moja, zikafika mia tano, nikamwomba asiendelee.

"Sasa niambie, Fundi," alisema, "nikiziba madirisha nitafanya kazi hizi na nini? Na mate?"

Toka siku hiyo nilianza kuiheshimu nchi ile.

Kati ya ukuta wa Bi Mashavu na mto palikuwa na kijumba chembamba, chembamba kweli, mtu hupita kwa ubavu. Humo aliishi shemeji yake, Bwana Ngwali, mume wa marehemu dadake. Kazi yake ilikuwa kutunza mitungi ya mafuta ya manjano ambayo watu wa huko husema yanatia nuru machoni. Mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Asubuhi akimsalimu Bi Mashavu kupitia dirishani, naye akimjibu, "Marahaba shemeji, umeamkaje?" na mazungumzo yao yalikuwa marefu kuliko chai yenyewe. Nilipenda kuwasikiliza.

Sasa niseme sheria yao kubwa, maana bila hiyo hamtaelewa lolote.

Kila nyumba ya Unini ina chumba cha ndani, na ndani ya chumba hicho kuna Kitabu. Ni kitabu kile kile kwa nyumba zote, neno kwa neno, na ni haramu kukitoa mlangoni. Kinapohitajika kitu, mwandishi hunakili ukurasa mmoja, nakala hiyo huitwa waraka, nao hutoka nje kwenda kwa mafundi. Mafundi wakiusoma wanafanya hasa kilichoandikwa. Umeandikwa sahani, wanafanya sahani. Umeandikwa sahani mara mia, wanafanya mia. Hawaulizi. Nilimwuliza fundi mmoja akipewa waraka wa kijinga hufanya nini, akaniuliza ujinga ndiyo kitu gani.

Na kila waraka una mkia. Amri ikishakwisha, yanafuata maandishi marefu yasiyo na maana, herufi tu, na fundi hayasomi kabisa. Nilicheka. Nilimwambia Bi Mashavu kwamba hata huku nako ofisi zinapoteza karatasi, kumbe dunia ni moja.

"Mikia inasomwa," alisema mtu chini ya kiwiko changu.

Niliinama. Alikuwa mwanamke wa makamo, uso mkavu, macho makali, amekaa begani mwa jitu moja kubwa lililopiga magoti. Huko watu hupimwa kwa herufi, na yeye alikuwa na herufi ishirini na mbili tu, mfupi kuliko wote niliowahi kuwaona. Kabila lao huitwa Wafupi, na majina yao ni namba. Huyu aliitwa Bi Ishirini na Tisa.

"Nani anasoma upuuzi huo?" nilimwuliza.

"Mimi. Na wewe ukiendelea kuita kila kitu upuuzi, mgeni, itabidi tukutafutie kazi ya bungeni."

Bi Mashavu alicheka mpaka mikono yake ikasimama kidogo, jambo nililoliona kwa mara ya kwanza.

Basi Bi Ishirini na Tisa akanieleza. Wafupi huzaliwa warefu, wamekunjika mithili ya kipini cha nywele, halafu wanakatwa mara mbili: mara ya kwanza kwenye chumba cha Kitabu, mara ya pili nje. Kinachobaki ndiye Mfupi. Kila mmoja ana neno moja la herufi saba, hilo ndilo analolijua maisha yake yote. Hupanda begani kwa mbebaji wake, wakazunguka nyumba nzima wakisoma mikia. Neno lake likikutana na mkia unaolingana nalo, Mfupi husema "Huu," na mbebaji huukalia waraka ule. Wakati mwingine huuchana. Fundi akinyoosha mkono kuchukua kazi, anakuta hakuna kazi.

"Kwa hiyo nyie hamtengenezi kitu," nilisema.

"Hatutengenezi."

"Na hamwamrishi mtu."

"Hatumwamrishi."

"Sasa mnafanya nini hasa?"

"Tunapunguza," alisema, akamgusa mbebaji wake sikio, wakaenda zao. Yule mbebaji hajui kusoma hata herufi moja, na yeye Mfupi hana nguvu ya kuchana hata jani. Niliwatazama mpaka wakapotea, na nakiri nilifikiri: hawa ndio wavivu wa nchi hii. Mungu anisamehe.

Mwezi wa pili maji makali yakaanza kushuka. Watu wa mto wa juu walikuwa na sherehe zao, na sherehe zikawa desturi, na kilichomwagwa huko kilikuja huku chini kikiunguza. Siku moja chumba cha nyuma cha Bi Mashavu kikachomwa. Ukuta ukapasuka, maji yakaingia pasipotakiwa, na baragumu likapulizwa mtaani.

Hapo ndipo nilipomwona Bwana Ngwali akigeuka. Yule mpole! Aliposikia baragumu alitoka, akaibeba mitungi yake ya mafuta mmoja mmoja, akaimwaga mtoni yote, akapasua mlango wake kupanua nafasi, akachukua sindano ndefu, akaanza kushona ufa kwa kamba nyeupe. Hakula. Mabega yake yalipanuka nikiona kwa macho yangu. Na kazi! Jamani, kazi! Mshono ulikuwa sawa, umebana, umefuata mstari wa ufa bila kuyumba hata unywele. Siku tatu, ukuta ukasimama, na Bi Mashavu akarudi kwenye shughuli zake mia tano akilia kwa shukrani.

Nilimpigia makofi. Nilikwenda nikamshika mkono. Na kwa kuwa fundi akimwona fundi hawezi kujizuia, nilimfundisha fundo letu la Pongwe, lile la kupitisha kamba ya pili mshazari juu ya ya kwanza, likikauka linakaza lenyewe na halifunguki kamwe. Alilishika mara moja. Macho yalimng'aa. "Ahsante, Fundi mwenzangu," akaniambia. Nilijiona mtu wa maana.

Lakini kuna desturi moja ya Unini ambayo sikuwa nimeielewa, na ndiyo iliyoleta balaa. Mshonaji akimaliza kamba, hupuliza baragumu kuonyesha amemaliza. Na baragumu la kumaliza ni lile lile la kuanza. Sauti moja, hakuna tofauti. Kwa hiyo Bwana Ngwali alipomaliza ufa alipuliza, akasikia baragumu, akaanza tena. Watunza mafuta wa nyumba za jirani wakasikia nao, wakamwaga mitungi yao, wakachukua sindano. Wakamaliza, wakapuliza. Lo! Ndani ya wiki mbili mtaa mzima ulikuwa unapuliza na kushona, kushona na kupuliza, na hapakuwa tena na ufa hata mmoja wa kushona.

Niliuliza watu kadhaa kwa nini wasiwe na baragumu la pili. Wote walinijibu kwa adabu kwamba baragumu hili linafanya kazi vizuri.

Ufa ukiisha, kamba inakwenda wapi? Ilikwenda madirishani. Bwana Ngwali aliziba la kwanza kwa uangalifu wote, akaliwekea fundo la Pongwe pembe nne. Kesho yake la pili. Yalipobaki matano Bi Mashavu alianza kuchoka. Yalipobaki matatu aliacha kuimba. Alipobakiwa na moja, dogo la pembeni, nilimkuta amekaa chini, mikono imetulia mapajani, na weupe wa macho yake umekuwa wa manjano. Uchafu ulikuwa umejaa chumba kwa chumba. Nilimwuliza anaweza kuishi siku ngapi kwa dirisha lile moja.

"Kwa hilo naweza kujikongoja," alisema. "Likizibwa, hata siku mbili sizipati."

"Umemwambia shemeji yako?"

"Nimemwambia."

"Akasema nini?"

"Kapuliza baragumu."

Kwa kweli nje hapakuwa na kusikilizana. Nilikwenda mwenyewe kumweleza Bwana Ngwali kwa ishara, nikionyesha dirisha, nikitikisa mikono. Alidhani nasifu. Aliniinamia, akanionyesha fundo langu, jinsi lilivyokaa vizuri. Nilirudi nikiwa na joto la aibu mpaka masikioni.

Nikaenda Ofisi ya Ujenzi.

Mkurugenzi wake alikuwa Bwana Nyange, mtu nadhifu, mwenye kauli tamu. Alinikaribisha kiti, akaamuru niletewe maji, akaniambia nimefika siku njema kwa sababu palikuwa na hafla. Ukutani palikuwa na ramani ya Unini, na kila mtaa uliojaa kamba umepakwa rangi nyeupe na kuandikwa IMARA. Nilimwambia mitaa ile imara watu wake wanakosa hewa.

"Fundi," alisema, "wewe umeishi kwa kujenga. Utasimamaje mbele yangu kulaumu ukuta?"

"Silaumu ukuta. Naulizia dirisha."

"Dirisha ni mahali ambapo ukuta haujafika," alisema Bwana Nyange, na watumishi wake wakaandika maneno hayo.

Nilimwuliza waliko Wafupi wa kundi la ishirini na tisa, maana tangu mabaragumu yazidi sikuwaona tena mitaani. Alieleza bila kuficha. Taarifa za ofisi zilionyesha kwamba nyaraka nyingi za kamba zilikuwa zinakaliwa na kuchanwa na kundi lile. Kwa hiyo palipopulizwa baragumu, ukurasa wa Kitabu unaowazaa ulikuwa unabanwa kwa kibanio katika kila nyumba ya mshonaji. Hawakufukuzwa, alisisitiza, hawakuonewa. Walikuwa tu hawazaliwi tena.

"Niambie wewe mwenyewe," alisema. "Tuna pima laki sita za kamba. Naweza kuzionyesha kwa mgeni yeyote. Wao wanaweza kuonyesha nini? Waraka ambao haukufanyiwa kazi? Utautundika wapi?"

Nataka kuwa mkweli. Mimi mwenyewe mwezi mmoja nyuma ningemwunga mkono.

Hafla ikaanza. Aliyetunukiwa alikuwa Mfupi mwingine, Bwana Ishirini na Moja, amevalishwa shada begani mwa mbebaji wake. Bwana Nyange alisoma sifa zake: tangu mabaragumu yaanze amezaliana kuliko Mfupi yeyote, na kila alipopita kamba ziliongezeka. Nilishangaa, Mfupi gani anaongeza? Nikamsogelea, nikamwuliza neno lake linalingana na mikia gani.

"Nyaraka za breki," alinijibu kwa unyoofu. "Ziko nyaraka zinazotengeneza vitu vya kumpunguza mshonaji kasi. Mikia yake ina neno langu. Nasema 'Huu,' mbebaji anakalia."

"Na unajua kinachotokea breki zikikosekana?"

"Mimi nasoma neno langu, bwana. Hata wewe huulizi tofali linakwenda kwenye nyumba ya nani."

Nilitoka pale nimemkasirikia Mfupi yule kuliko nilivyomkasirikia mkurugenzi. Niliuliza walikobaki Wafupi wa ishirini na tisa, nikavuka mitaa mitatu mpaka upande wa kusini ambako maji makali hayakuwa yamefika, madirisha yako wazi, mitungi ya mafuta iko mahali pake. Huko nilimkuta Bi Ishirini na Tisa na mbebaji wake kazini. Nilimmwagia yote kwa mkupuo, na nilipofika kwa Bwana Ishirini na Moja nilitumia neno nisiloweza kuliandika.

"Acha matusi," alisema. "Yule ni mwenzangu. Hadanganyi, haruki mkia, hasomi asichokijua. Wa namna yake wakiwa wachache wanafaa sana, ufa hauponi bila wao. Ubaya uko kwenye wingi wao na uchache wetu. Na uchache wetu Ofisi ndiyo iliyoutaka."

"Bi Mashavu anakufa."

"Amebakiwa na mangapi?"

"Moja."

Aliuma mdomo. Halafu akanieleza tatizo, na tatizo lilikuwa la kweli. Nyaraka za kamba haziko mtoni wala ofisini. Zinatoka chumba cha Kitabu cha Bwana Ngwali mwenyewe, na huko ndiko zinakosomwa. Mfupi wa nyumba nyingine hana ruhusa ya kupita mlango wa mshonaji. Lakini kuna sheria ya zamani, watu wengi wameisahau, kwamba nyumba inaweza kufunga kifurushi cha ngozi laini ya mafuta, ikakituma kwa nyumba nyingine kwa njia ya mto, na nyumba inayokipokea haikifungui mlangoni bali inakimeza kizima. Wafupi wanaweza kusafiri humo.

"Basi jifungeni, mje!" nilisema.

"Mto hauchagui mlango, Fundi. Tutaelea tuingie kwa mtu yeyote. Anatakiwa mtu wa kutubeba mpaka kwa Ngwali, na awe mtu ambaye Ngwali atampokea." Alinitazama kwa macho yake makali. "Nasikia unapendwa pale."

Sijawahi kusikia neno zuri likaniuma namna ile.

Walijifunga watu kumi na wanne, Wafupi saba na wabebaji wao, kifurushi cha ukubwa wa fenesi. Nilikibeba kichwani mitaa mitatu nikikimbia, na mimi ni mtu wa miaka hamsini na sita. Mtaani mabaragumu yalikuwa yanavuma mpaka meno yananicheza. Nikamwona Bwana Ngwali amesimama mbele ya dirisha la mwisho, kamba begani, anapima upana wake kwa kiganja. Nilipiga kelele, hakusikia. Nikamshika bega. Aliponiona uso wake ulichangamka, akanikumbatia, akakipokea kifurushi kwa mikono miwili bila kuuliza kina nini, kwa kuwa kimetoka kwangu. Nyumba yake ikakimeza.

Nami niliingia nyuma ya kifurushi kwa ubavu, nikaona niliyoyaona.

Nyaraka za kamba zilikuwa zinatoka chumba cha ndani mfululizo, moja juu ya nyingine, na mafundi wake wamepangana safu mbili wakizidaka. Wafupi saba walitawanyika. Bi Ishirini na Tisa hakupiga kelele, hakumsukuma mtu, hakumwambia fundi hata mmoja kwamba anakosea. Alishika mkia wa kwanza uliopita, akapitisha kidole juu ya herufi zile ambazo mimi niliziita upuuzi, akafika pale zilipokuwa saba zake. "Huu," alisema. Mbebaji akaukalia. "Huu." Ukachanwa. Kushoto kwangu nikasikia mwingine, "Huu," na nyuma mwingine. Kulikuwa na nyaraka za kamba nene, na za kamba nyembamba, na za gundi inayokaza fundo. Zote tofauti kichwani, na zote mkiani zina neno lile moja. Mtu mmoja mfupi, neno moja, na amri ishirini zinanyamaza pamoja. Nimeona wasimamizi wa majengo wenye magari na kofia ngumu wakishindwa kusimamisha mchanganyiko mmoja wa zege. Nilisimama pale nikawastahi watu wale.

Hawakuzimaliza zote. Nyingine ziliwapita, zikafika kwa mafundi, kamba zikatoka kidogo. Lakini zilipungua, zikapungua, mpaka Bwana Ngwali aliponyoosha mkono nyuma kupokea kamba ya dirisha la mwisho, mkono ukabaki wazi.

Alingoja. Akageuka. Akawatazama mafundi wake, nao wakamtazama. Kamba haikuisha kushonwa, kwa hiyo hakuwa na la kupuliza. Jirani yake wa kulia alipuliza mara moja, akasubiri Bwana Ngwali ajibu, hakujibiwa, akasitasita. Wa kushoto naye akashusha baragumu lake kinywani kuangalia kuna nini. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili mtaa ule ukawa kimya.

Na katika kimya hicho tukaisikia sauti ya Bi Mashavu, imekauka, inatoka katika dirisha dogo ambalo upana wake haukuzidi mkono wa mtu.

"Basi," ilikuwa inasema. "Basi, shemeji. Basi. Basi, shemeji."

Hakujua kwamba anasikika. Alikuwa anasema tu, kwa mazoea, nadhani hata pumzi ya kusema kingine hakuwa nayo.

Bwana Ngwali alisogea dirishani. Mabega yake makubwa yalianza kushuka. "Shemeji?" aliita kwa ile sauti yake ya chini niliyokuwa nimeisahau. "Ndivyo ulivyokuwa unasema siku zote hizi?"

"Tangu dirisha la kwanza."

"Nilikuwa naona mdomo unacheza," alisema. "Nilidhani unanishangilia."

Alinigeukia mimi, fundi mwenzake, akitaka nimtetee. Hata mimi nilimshangilia. Nilitazama chini. Bi Ishirini na Tisa hakushughulika nasi. Alikuwa bado anasoma, kidole mkiani, midomo inacheza.

Bi Mashavu akapitisha mkono wake kwenye dirisha lile la mwisho, mpaka begani, akapapasa hewani mpaka akamfikia shemeji yake, akamnyang'anya sindano.